Neno "Mirror": Kioo Kimoja, Sura Nyingi

Makala ya leo ya lugha inalitazama neno moja tu la Kiingereza, neno fupi ambalo mwanafunzi hulijua tangu madarasa ya mwanzo na kwa sababu hiyo hajisumbui kulitafuta katika kamusi tena. Neno hilo ni "mirror". Akiulizwa yeyote maana yake, atajibu bila ya kusita: kioo. Jibu hilo ni sahihi, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Kioo cha Kiswahili ni kipana. Dirisha lina kioo, saa ina kioo, simu ina kioo, televisheni ina kioo, na chumbani ukutani kipo kioo cha kujitazamia. Kiingereza kimeigawa mali hiyo kwa warithi watatu: "glass" ni cha dirishani, "screen" ni cha simu na televisheni, na "mirror" ni kile tu kinachomrudishia mtazamaji sura yake. Anayetoka Kiingereza kuja Kiswahili hapotei. Anayekwenda upande wa pili ndiye hupotea. Mgeni aliyehamia Uingereza akiingia kwa fundi wa simu na kusema kwamba "mirror" ya simu yake imepasuka, fundi atamkodolea macho kidogo kabla ya kuelewa. Hilo ni jambo dogo na la kuchekesha, halimgharimu mtu zaidi ya bei ya kioo kipya. Lakini yapo matumizi ya neno hilohilo yanayoweza kuwagharimu watu nyumba ya urithi, na mengine yanayohusu mtoto atalala nchi gani. Hayo yatafika kwa zamu yake.

Asili ya neno kwanza. "Mirror" ni miongoni mwa maneno mengi ya Kifaransa yaliyomiminika katika Kiingereza baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na katika maandishi linaonekana tangu karne ya 13. Kifaransa kilikuwa kimelichonga kutoka kitenzi chenye maana ya kutazama, na nyuma ya kitenzi hicho kipo cha Kilatini chenye maana ya kustaajabu. Ndiyo maana "mirror" ina udugu wa damu na "miracle", yaani muujiza, na "admire", yaani kuvutiwa na jambo, na hata "mirage", yale mazigazi yanayomdanganya msafiri wa jangwani kwamba mbele yake kuna maji. Wasikilizaji wa Oman wanaojua Kiarabu wataona tofauti: Waarabu walilijenga neno lao la kioo juu ya kitenzi cha kuona tu, bila ya mshangao. Huenda Waarabu walikuwa watu wa kiasi zaidi mbele ya sura zao.

Kabla ya "mirror" kuenea, na hata baada yake, Waingereza waliita chombo hicho "glass" au "looking-glass", kioo cha kutazamia. Matumizi hayo ya zamani yamewaacha wasomaji wa leo na mtego. Wafasiri wa Biblia ya Mfalme James, iliyotolewa mwaka 1611, walipofika katika waraka wa kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, sura ya 13, mahali anaposema kwamba kuona kwetu kwa sasa ni kwa gizagiza, walitumia neno "glass". Msomaji wa leo hudhani Paulo alikuwa akizungumzia dirisha lenye vumbi. Sivyo. Alikuwa akizungumzia kioo cha kujitazamia, na vioo vya zama zake vilikuwa hasa bamba la shaba lililosuguliwa mpaka likang'aa. Ufundi wa shaba wa mji wa Korintho ulisifika sana, lakini shaba ni shaba: sura inayoonekana humo ina rangi ya jioni. Kwa hiyo tafsiri nyingi za Kiingereza za siku hizi zimeliacha "glass" na kuandika "mirror". Kiswahili, kwa kioo chake kipana, kilizibeba maana zote mbili kwa pamoja na kumwachia msomaji achague.

Kuna kisa kingine kuhusu maneno hayo mawili, nacho kinachekesha kwa namna ya Kiingereza hasa. Mwaka 1954 profesa wa isimu Alan Ross alichapisha katika jarida la kitaaluma la Finland uchunguzi wake kuhusu maneno yanayowatambulisha Waingereza wa tabaka la juu. Mwandishi Nancy Mitford akaichukua kazi hiyo na kuieneza, na nchi nzima ikaingia wasiwasi. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni kwamba wakubwa husema "looking-glass", na kwamba anayesema "mirror" amejifichua kuwa si mwenzao. Leo ni wachache wanaojali, na "looking-glass" limebaki zaidi katika kumbukumbu ya kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1871, ambamo msichana Alice anapenya kioo na kuingia katika nchi ambako kila jambo ni kinyume. Kutokana na kitabu hicho Waingereza husema kwamba mtu amepita upande wa pili wa kioo, wakikusudia kwamba amejikuta mahali ambapo akili ya kawaida haifanyi kazi, kama vile ofisi fulani za serikali.

Kuhusu chombo chenyewe maneno machache yatatosha. Baada ya mabamba ya shaba, mafundi wa kisiwa cha Murano, Venice, walipata sifa kubwa katika karne ya 16 kwa vioo vya bilauri vilivyopakwa nyuma mchanganyiko wa bati na zebaki. Vilikuwa ghali, na zebaki iliwadhuru waliovitengeneza. Mwaka 1835 mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig alibuni njia ya kupaka tabaka jembamba la fedha juu ya bilauri, na tangu hapo kioo kikaanza kushuka bei mpaka kikafika kwa kinyozi wa chini ya mwembe.

Mahali ambapo maana halisi ya neno hili inamgusa mhamiaji kila siku ni barabarani. Kioo cha ubavuni mwa gari, ambacho mafundi wa Afrika Mashariki wamekiita "saidi mira", Waingereza hukiita "wing mirror", na anayesikia kwa mara ya kwanza huwaza mbawa za ndege. "Wing" hapa ni ile bodi inayofunika gurudumu la mbele. Vioo vya zamani vilifungwa huko mbele juu ya gurudumu. Baadaye vikahamia mlangoni, lakini jina halikuhama. Waamerika, wasioita sehemu hiyo "wing", husema "side mirror", jina lililo karibu zaidi na la gereji zetu. Nchini Marekani, kioo cha upande wa abiria kikiwa cha mbinuko hubeba maandishi ya kuonya kwamba vitu vinavyoonekana humo viko karibu kuliko vinavyoonekana kuwa. Kioo cha mbinuko huonyesha eneo pana lakini hupunguza ukubwa wa vitu, na gari lililopunguzwa ukubwa huonekana liko mbali. Maandishi hayo yamegeuzwa kuwa fumbo na mzaha, yakitumiwa kwa madeni, kwa uzee na kwa uchaguzi unaokaribia.

Katika mtihani wa udereva wa Uingereza, neno hili hugeuka kuwa amri. Mwanafunzi hufundishwa mambo matatu kwa mpangilio usiovunjwa: "mirror", kisha ishara, kisha ndipo atende alilokusudia, awe anapinda, anapunguza mwendo au anaondoka kando ya njia. Madereva wengi waliotoka Afrika Mashariki au Ghuba wakiwa na uzoefu wa miaka mingi huufeli mtihani huo mara ya kwanza, na kosa la kutotazama vioo ipasavyo kabla ya kubadili uelekeo limo katika orodha ya sababu kubwa za kufeli nchini humo. Mara nyingi mtu huyo alitazama. Ila alitazama kwa pembe ya jicho, kama alivyozoea, na mtahini aliyeketi ubavuni hakuona kichwa kikigeuka. Katika mtihani huo "mirror" si kioo tu; ni tendo la kutazama ambalo lazima lionekane na mtu mwingine.

Aidha, kuna kioo kimoja ambacho Kiingereza kimekipa majina mawili yanayopingana. Ni kile cha chumba cha mahojiano polisi, ambacho mtuhumiwa hujiona mwenyewe ilhali askari aliye chumba cha pili humwona yeye. Wengine hukiita "one-way mirror", kioo cha njia moja, na wengine "two-way mirror", kioo cha njia mbili. Ni chombo kilekile. Kimepakwa tabaka jembamba mno, na kinachofanya kazi ni mwanga: chumba cha mtuhumiwa huwashwa taa kali, cha askari huachwa gizani.

Sasa yafuata matumizi ya mafumbo, na hapa Kiswahili kina la kusema. Ulaya ya zama za kati ilipenda kuviita vitabu "kioo". Katika karne ya 13 mtawa wa Kifaransa Vincent wa Beauvais alitunga ensaiklopidia kubwa kwa Kilatini na kuiita Kioo Kikuu. Vikaandikwa pia vitabu vya kuwafunza wana wa wafalme namna ya kutawala, navyo vikaitwa vioo. Uingereza mwaka 1559 kikatoka kitabu cha mashairi kilichoitwa Kioo cha Mahakimu, kinachosimulia jinsi watawala walivyoanguka ili walio madarakani wajifunze. Katika Kiingereza cha wakati huo, kumwita mtu "mirror" wa jambo fulani kulikuwa ni kumsifu kuwa kielelezo chake: kioo cha ushujaa, kioo cha adabu. Watu wamtazame, kisha wajirekebishe wafanane naye.

Maana hiyo imekufa katika Kiingereza cha leo. Kamusi kubwa huitaja kama jambo la kale. Iliyobaki hai ni nyingine, ile ambayo Shakespeare aliipa nguvu katika tamthilia ya Hamlet, karibu na mwaka 1600, pale mwana wa mfalme anapowaelekeza waigizaji kwamba kazi ya mchezo ni kuyashikia maumbile kioo. Tangu hapo, kumshikia mtu au jamii kioo kwa Kiingereza ni kuilazimisha ijione ilivyo, chunusi na makovu pamoja. Si sifa. Mara nyingi ni karipio.

Ukiwekwa mbele ya mambo hayo msemo unaosikika kila siku Tanzania na kwingineko, kwamba msanii ni kioo cha jamii, linaonekana jambo la ajabu. Darasani, mwalimu wa fasihi anaposema kwamba fasihi ni kioo cha jamii, anakusudia maana ya Hamlet: kazi ya sanaa huonyesha jamii ilivyo. Lakini msemo huo unapotoka darasani na kufika redioni na magazetini, hugeuka. Mwanamuziki akikamatwa kwa ulevi au akionekana katika picha zisizo na staha, watu humkemea kwa kusema kwamba amesahau kuwa yeye ni kioo cha jamii. Wanakusudia kwamba jamii inamtazama yeye na kumwiga, kwa hiyo ajiheshimu. Hiyo ni maana ileile ya Kiingereza cha mwaka 1559, kielelezo cha kuigwa, ikiishi kwa raha katika Kiswahili cha karne ya 21, bila ya kurithiwa kutoka huko.

Hatari hujitokeza msemo huo unapofasiriwa neno kwa neno. Msanii wa Dar es Salaam akihojiwa na chombo cha habari cha Kiingereza na kusema kwamba yeye ni "mirror of society", msikilizaji wa London haelewi kwamba anaahidi kuwa na mwenendo mwema. Anaelewa kwamba anasema: jamii yangu iko kama mnavyoniona. Na kama siku hiyo alikuwa akiomba radhi kwa kosa lake, basi badala ya kujilaumu amewalaumu watu wote wa nyumbani kwao. Mfasiri makini ataliacha neno la kioo na kusema "role model", yaani mtu wa kuigwa, hata kama kwa kufanya hivyo uzuri wa msemo unapotea.

Ipo pia maana ya tatu, ambayo Waswahili Waislamu wanaijua kutoka katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, inayomfananisha muumini na kioo cha muumini mwenziwe. Hapa kioo si jamii wala msanii, ni rafiki. Kioo humwonyesha mtu doa lililo usoni pake, humwonyesha yeye peke yake, na akiondoka hakibaki na picha yake cha kuwaonyesha wengine. Kiingereza hakina msemo ulioenea wenye maana hiyo.

Magazeti nayo yalilipenda neno hili. Mwaka 1903 Alfred Harmsworth, tajiri wa magazeti wa London, alianzisha Daily Mirror likiwa gazeti la wanawake lililoandikwa na wanawake, kwa wazo kwamba wanawake wangeyaona humo maisha yao wenyewe. Wasomaji walikimbia katika muda wa miezi michache. Mwanzoni mwa mwaka 1904 lilibadilishwa kuwa gazeti la picha, waandishi wanawake wakafukuzwa kazi, na mauzo yakapanda. Jina la kioo likabaki, ingawa waliokusudiwa kujiona humo walikuwa wameshaondolewa.

Vioo pia hudanganya, na Kiingereza kina msemo wake wa hilo: "smoke and mirrors", moshi na vioo. Asili yake ni jukwaa la mazingaombwe, ambapo vioo vilifichwa kwa pembe maalumu na moshi ukafunika mipaka yake, mpaka mtazamaji akaona mzimu. Mwandishi wa habari wa Marekani Jimmy Breslin aliihamishia picha hiyo katika siasa katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu kashfa ya Watergate, na tangu hapo hakuna bajeti ya serikali inayosomwa bila ya mpinzani mmoja kuutumia msemo huo. Watayarishaji wa habari za Kiswahili wakati mwingine huandika kwamba bajeti ni moshi na vioo, na msikilizaji hudhani kuna jengo limeungua. Kiswahili hakina haja ya kuazima. Kina kiinimacho, kina mazingaombwe, na kwa lugha ya mitaani mtu hupigwa changa la macho.

Msemo wa jirani ni "hall of mirrors", ukumbi wa vioo, unaotumiwa kwa hali ambayo ukweli umerudufishwa mara nyingi hata haujulikani ulipo. Wengi huufikiria ule wa viwanja vya maonyesho, wenye vioo vya kurefusha na kufupisha watu. Lakini upo ukumbi halisi wenye jina hilo, katika kasri la Versailles nchini Ufaransa, uliojengwa kati ya mwaka 1678 na 1684 kwa amri ya Mfalme Louis wa 14 na kupambwa kwa vioo 357. Humo ndimo Dola la Ujerumani lilipotangazwa Januari 1871, na humohumo Wajerumani wakaletwa Juni 28 mwaka 1919 kutia saini mkataba ulioyaondoa mikononi mwao makoloni yao yote. Ardhi iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani ikagawanywa: sehemu kubwa, iliyokuja kuitwa Tanganyika, ikawa chini ya Uingereza, na Rwanda na Burundi zikawa chini ya Ubelgiji. Vioo 357 vilionyesha sura za wajumbe wa nchi nyingi siku ile. Hapakuwa na sura ya mtu yeyote kutoka Tabora wala Gitega.

Neno "mirror" lina pia utenzi wake. Jambo moja likifanana na jingine kwa kila hali, Waingereza husema lime-"mirror" jambo hilo. Katika teknolojia, nakala kamili ya tovuti iliyowekwa katika kompyuta nyingine huitwa "mirror", na kuonyesha kioo cha simu juu ya kioo cha televisheni huitwa vivyo hivyo, jambo linalomrudisha msikilizaji kwenye ule upana wa kioo cha Kiswahili. Kwa kitenzi hiki Kiswahili kina "akisi", kilichotoka Kiarabu. Na hapa pana kitendawili, kwa maana katika Kiarabu mzizi huohuo una maana ya kugeuza, kuwa kinyume. Anayeishi Maskati husikia kila siku watu wakisema "bil-aks", yaani, la, ni kinyume chake.

Je, kinachoonekana kiooni ni kilekile au ni kinyume? Kiingereza hakijaamua. "Mirror image" ya mtu inaweza kuwa nakala yake halisi, na inaweza kuwa yeye aliyegeuzwa, mkono wa kulia ukiwa wa kushoto. Mwanasiasa akisema kwamba sera za chama fulani ni "mirror image" ya sera za chama kingine, msikilizaji hana budi kusubiri sentensi inayofuata ili ajue kama vyama hivyo vinafanana au vinapingana. Wafasiri wa moja kwa moja, wanaozungumza sekunde mbili nyuma ya mhusika, wanaijua hofu hiyo vizuri.

Katika kemia suala hilo limegusa uhai. Mwaka 1848 Louis Pasteur aligundua kwamba chembe za chumvi fulani zitokanazo na mvinyo zilikuwa za aina mbili, kila aina ikiwa sura ya kioo ya nyingine, kama kiganja cha kulia na cha kushoto, naye akazitenganisha kwa mkono. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, dawa ya usingizi ya thalidomide iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 ilitumiwa na wanawake wajawazito katika nchi nyingi, na inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa wakiwa na ulemavu, wengi bila ya mikono au miguu kamili, kabla ya kuondolewa sokoni mwaka 1961. Dawa hiyo ina molekuli za sura mbili za kioo, moja ikileta usingizi na nyingine ikihusishwa na madhara. Wala haikufaa kuchagua moja, kwa sababu mwili wenyewe huigeuza moja kuwa nyingine. Na mwezi Desemba 2024 wanasayansi 38 waliandika katika jarida la Science wakionya dhidi ya kutengeneza kile wanachokiita "mirror life", yaani bakteria ambao molekuli zao zote zimegeuzwa kama kiooni. Hofu yao ni kwamba kinga za mwili wa binadamu, wanyama na mimea hazingewatambua. Katika Kiswahili huenda "uhai geu" ukawa na nafuu kuliko "maisha ya kioo", ambayo mtu angedhani ni maisha ya mastaa wa filamu.

Limebaki eneo la sheria, ambalo liliahidiwa mwanzoni. Sheria ya mikataba yenye asili ya Uingereza ina kanuni iitwayo "mirror image rule": kukubali lazima kulingane na pendekezo bila ya tofauti hata moja. Mfano unaofundishwa vyuoni ni kesi ya Hyde dhidi ya Wrench ya mwaka 1840. Wrench alitaka kuuza shamba lake kwa pauni 1,000. Hyde akajibu kwamba atatoa 950. Wrench akakataa. Hyde akaandika tena kwamba basi anakubali 1,000, na Wrench akakataa kuuza. Mahakama ikaamua kwamba hapakuwa na mkataba, kwa kuwa Hyde alipotaja 950 alilivunja pendekezo la kwanza, nalo halifufuki kwa yeye kubadili nia. Kwa watu waliokulia penye masoko ambako kupatana bei ni adabu ya kawaida, kanuni hiyo inafaa kujulikana kabla ya kuandika barua yoyote.

Linalouma zaidi ni "mirror wills". Mume na mke nchini Uingereza huenda kwa mwanasheria na kuandika wosia mbili zinazofanana: kila mmoja anamwachia mwenzake mali yote, na baada ya wote wawili kufa iende kwa watoto. Kwa kuwa zinaitwa za kioo, wengi huamini kwamba zimefungwa pamoja, kwamba kimoja kikisimama na cha pili kinasimama. Si hivyo. Aliyebaki hai anaweza kuubadilisha wosia wake wakati wowote, hata siku ya pili baada ya maziko. Isitoshe, chini ya Sheria ya Wosia ya mwaka 1837 inayotumika England na Wales, akioa au akiolewa tena wosia wake wa zamani kwa kawaida hubatilika. Watoto wa ndoa ya kwanza wanaweza kujikuta hawana kitu, ingawa wameishika karatasi yenye majina yao. Wosia ambazo haziwezi kubadilishwa baada ya mmoja kufa zipo, nazo huitwa "mutual wills", lakini lazima pawepo makubaliano ya wazi kwamba hakuna atakayezibadilisha. Na kwa familia za Kiislamu lipo suala jingine la mafungu ya mirathi, ambalo wosia wa namna hiyo hauligusi kabisa. Anayewafasiria wazee wake mbele ya mwanasheria akisema "wosia wa kioo" hajawasaidia. Afadhali aseme "wosia mbili zilizoandikwa sawa", kisha aulize mbele yao swali hili: je, mmoja wao anaweza kugeuka?

Kinyume chake ni "mirror order", na hapa kufanana ndiko kunakotakiwa kufunga. Wazazi wametengana, mtoto anaishi Uingereza, na mmoja wao anataka kumpeleka likizo kwa bibi yake katika nchi ambayo haimo katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 wa kuwarudisha watoto waliochukuliwa kinyume cha sheria. Hakimu wa Kiingereza anaweza kusema kwamba safari haitaruhusiwa mpaka mahakama ya nchi ile, pale sheria zake zinaporuhusu, itoe amri inayolingana na yake neno kwa neno, ili mtoto asiporudishwa kwa tarehe iliyopangwa, amri iwe imeshakaa hukohuko aliko. Kwa Kiswahili inaweza kuitwa "amri pacha". Ni jina zuri, kwa sharti kwamba mzazi anayelisikia aambiwe pia kuwa pacha wa pili lazima azaliwe kabla ya tiketi ya ndege kukatwa.